Ranthambore: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chui milia na ngome yao

Wengi wanaouliza kuhusu Ranthambore huuliza habari za chui milia tu. Ngome iliyo juu ya mlima katikati ya msitu huohuo hutajwa mwishoni, kama kitu cha kupitia ukibaki na muda. Ukurasa huu unavitazama vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu pale mahali havitenganishiki: chui milia hulala kwenye magofu ya wafalme, na mahujaji hupita kwa miguu katika njia za chui milia.

Ranthambore iko wapi?

Iko kusini mashariki mwa jimbo la Rajasthan, India, katika wilaya ya Sawai Madhopur. Hapo ndipo safu mbili za milima ya kale, Aravalli na Vindhya, zinapokutana. Mto Banas unapita upande wa kaskazini na mto Chambal upande wa kusini. Ukitazama kutoka juu unaona majabali yaliyokatika wima, mabonde membamba, na msitu mkavu ambao sehemu kubwa ni mti mmoja uitwao dhok. Wakati wa mvua msitu huo ni kijani kibichi. Ikifika Aprili majani yamepukutika na kila kitu kina rangi ya udongo, rangi ambayo chui milia hujificha ndani yake bila shida.

Hifadhi ilianzaje?

Ilianza kama uwanja wa kuwindia wa maharaja wa Jaipur. Hata baada ya serikali kuutangaza kuwa pori la akiba mwaka 1955, uwindaji wa wakubwa haukukoma: Januari 1961 Malkia Elizabeth wa Pili na mumewe, Prince Philip, walialikwa na maharaja wa Jaipur, na Prince Philip akampiga risasi chui milia hapohapo. Picha yao wakiwa wamesimama nyuma ya mnyama aliyekufa ilizua kelele Uingereza.

Miaka kumi na moja baadaye hesabu ya nchi nzima ikaonyesha wamebaki chui milia 1,827 tu. Mwaka 1973 serikali ya Indira Gandhi ikaanzisha Mradi wa Chui Milia, na Ranthambore ikawa miongoni mwa hifadhi tisa za kwanza. Mwaka 1980 eneo la katikati likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1991 misitu ya jirani ya Sawai Man Singh na Keladevi ikaunganishwa nayo. Hifadhi ya taifa yenyewe ina kilomita za mraba 392. Ukijumlisha misitu yote inayoizunguka unapita 1,300.

Je, nikienda nitamwona chui milia?

Hakuna wa kukuhakikishia, na anayekuhakikishia anakuuzia maneno. Lakini nafasi ya kumwona hapa ni kubwa kuliko katika hifadhi nyingi za India, hasa ukiingia msituni mara tatu au nne badala ya mara moja.

Jambo moja wageni hawalitegemei: kazi kubwa ya kumtafuta hufanywa kwa masikio. Dereva huzima injini katikati ya njia na watu wote hukaa kimya. Nyani wa kijivu, langur, akiwa juu ya mti hukohoa kwa sauti kali. Sambar, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, hutoa mlio mmoja mzito kama honi. Langur anaweza kupiga kelele kwa sababu ya chui wa madoa, au hata bila sababu ya maana. Sambar akilia, tena akarudia, huku mkia umesimama na macho yameganda upande mmoja, madereva huwasha magari kwa pamoja.

Kwa nini hapa huonekana mchana, wakati kwingine hutoka usiku tu?

Kwa sababu waliacha kusumbuliwa. Miaka ya 1970 msitu ulikuwa na vijiji ndani, ng'ombe maelfu, wakata kuni, na chui milia walikuwa wanyama wa usiku. Vijiji vilipohamishwa na majani kurudi, swala na kulungu waliongezeka kando ya maziwa matatu, Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao, na wawindaji wao wakawafuata huko mchana kweupe. Katika miaka ya 1980 dume mmoja aliyepewa jina la Genghis akaanza kuwatimua sambar ndani ya maji kwa kasi kabisa, mbele ya kamera. Ndiyo picha zilizoitangaza Ranthambore duniani.

Machli ni nani, mbona jina lake liko kila mahali?

Machli alikuwa chui milia jike, nambari T-16, aliyetawala eneo la maziwa kwa miaka mingi. Jina lake, ambalo ni samaki kwa Kihindi, lilitokana na alama kwenye shavu lake. Mwaka 2003 alipigana na mamba mwenye urefu wa karibu mita nne akamuua, na pambano hilo lilirekodiwa. Alizaa watoto 11, na damu yake imo katika sehemu kubwa ya ukoo wa Ranthambore wa leo. India ilimtolea stempu ya posta mwaka 2013.

Uzeeni alipoteza meno na jicho moja, akanyang'anywa eneo lake, akaishi pembezoni. Alikufa Agosti 2016 akiwa na miaka kama 19, umri ambao chui milia wa porini hafiki kwa kawaida. Maofisa walimchoma kwa taratibu za mazishi ya Kihindu, maua yakiwa juu ya mwili. Kuna waliosema ni kupita kiasi kwa mnyama wa porini. Kwa maoni yangu, mji uliokula kwa mgongo wake miaka yote hiyo ulikuwa na deni la maua.

Nimezoea safari za Serengeti na Maasai Mara. Kuna tofauti gani?

Karibu kila kitu. Hakuna tambarare za kutazama mbali. Kuna kona, makorongo na vichaka. Simba unamkuta na ukoo wake, chui milia ni mpweke. Huruhusiwi kutoka nje ya njia, na huchagui mwenyewe pa kwenda: msitu umegawanywa katika kanda 10, na tiketi yako ina namba ya kanda. Gari haliwezi kuhamia nyingine hata kama madereva wanaambiana kwamba mnyama yuko ng'ambo ya kilima.

Magari ni ya aina mbili. Jipi ndogo ya wazi, wanayoiita Gypsy, huchukua watu sita. Canter, ndiyo, Canter hilihili tunalolijua, lililokatwa paa na kuwekewa viti 20. Ukiweza, lipia Gypsy. Canter ni nafuu, lakini watu 20 hawanyamazi, na ukimya ndio unaoutafuta.

Nichague kanda ipi?

Kanda 1 hadi 5 ndizo za msitu wa zamani; 2, 3 na 4 ndizo zenye sifa kubwa, na 3 ndiyo yenye maziwa na mandhari ya ngome. Kanda 6 hadi 10 ziko pembeni. Zamani zilidharauliwa, lakini chui milia wameongezeka na vijana wanaofukuzwa na wakubwa huhamia huko, kwa hiyo usinune ukipangiwa.

Ngome ilijengwa na nani?

Na watawala wa Kirajput, jamii ya wapiganaji wa kaskazini magharibi mwa India, karibu karne ya 10. Wanaokumbukwa zaidi ni ukoo wa Chauhan. Prithviraj wa Tatu, mfalme wao mashuhuri, aliposhindwa na Muhammad wa Ghor katika vita vya Tarain mwaka 1192, mwanawe Govindaraja aliishia Ranthambore na kuanzisha utawala hapo.

Ukiitazama kwa mara ya kwanza unaelewa kwa nini. Mlima umesimama peke yake, pande zake ni miamba iliyochongoka, na juu yake ni uwanda mpana wenye mabwawa ya maji ya mvua. Jeshi linaloizingira linakaa bondeni, msituni, na mbu na wanyama wakali. Walioko juu wana maji, ghala na ukuta wa karibu kilomita saba. Mwaka 2013 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na ngome nyingine tano za milimani za Rajasthan: Chittorgarh, Kumbhalgarh, Gagron, Amber na Jaisalmer.

Kisa cha Hammir ni kipi?

Hiki ndicho kisa ambacho mtoto yeyote wa Sawai Madhopur atakusimulia, nacho kinastahili nafasi yake.

Mwaka 1299 jeshi la Sultani Alauddin Khalji wa Delhi lilikuwa likirudi kutoka kuipora Gujarat. Baadhi ya askari, Wamongolia waliokuwa wamesilimu, waliasi kwa ugomvi wa mgawo wa nyara. Uasi uliposhindwa, kiongozi wao Muhammad Shah na wenzake wakakimbilia Ranthambore kwa Hammir Deva wa Chauhan. Wao Waislamu, yeye Mhindu, akawapa hifadhi. Delhi ikadai warudishwe. Hammir akakataa.

Jemadari Nusrat Khan alikuja kuizingira ngome akauawa kwa jiwe lililorushwa kutoka juu. Ikabidi sultani aje mwenyewe. Askari wake walishona mifuko ya nguo, wakaijaza mchanga na kuipanga mmoja juu ya mwingine ili kuinua njia ya kufikia ukuta, huku wanamwagiwa moto na mawe. Mzingiro ukaenda miezi. Kilichowamaliza walioko ndani ni njaa na usaliti: chakula kiliisha, na maofisa wa Hammir wakahamia upande wa pili.

Julai 1301 wanawake wa ngome walijitosa motoni ili wasitekwe, desturi ya Warajput iitwayo jauhar, kisha wanaume wakafungua malango wakashuka kupigana mpaka kufa. Hammir aliuawa, na Muhammad Shah alikuwa upande wake hadi mwisho. Inasimuliwa kwamba sultani alimkuta akiwa majeruhi, akamuuliza angefanya nini kama angetibiwa. Akajibu kwamba angemuua sultani na kumtawaza mtoto wa Hammir. Akakanyagwa na tembo, lakini sultani akaagiza azikwe kwa heshima.

Siku hizi kuna wanaokitumia kisa hiki kuonyesha kwamba dini mbili hizi zimekuwa adui tangu zamani. Wanaruka sehemu ya Muhammad Shah.

Baada ya hapo ngome ilikuwa ya nani?

Ilipita mikono mingi. Mwaka 1569 mfalme Akbar wa Dola ya Mughal aliizingira kwa njia ambayo Alauddin hakuwa nayo: mizinga mikubwa, iliyokokotwa na ng'ombe hadi juu ya kilima kinachotazamana na ngome. Rao Surjan Hada alijisalimisha upesi. Karne ya 18 ikaingia mikononi mwa watawala wa Jaipur, na Sawai Madho Singh wa Kwanza akaanzisha mji wa Sawai Madhopur mwaka 1763. Watawala wa Jaipur wakaufanya msitu wote uwe wao wa kuwindia, wakazuia wengine wasiukate. Si kwa mapenzi ya wanyama, ila matokeo yake ni kwamba msitu ulibaki.

Ndani ya ngome kuna nini cha kuona?

Malango yanayofuatana kwenye njia ya kupanda, kuanzia Navlakha Pol, yaliyokaa kwa kona ili tembo wa vita asipate nafasi ya kukimbia na kuyagonga. Magofu ya jumba la Hammir. Banda la ukumbusho lenye nguzo 32, ambalo wanasema Hammir alimjengea baba yake. Mahekalu ya Kihindu, hekalu la Wajain (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), na msikiti. Mabwawa. Langur wasio na aibu watakaokupora ndizi mkononi.

Kwangu mimi kitu bora ni ukingo wa ukuta juu ya Padam Talao. Chini yako kuna ziwa, mamba wametandazwa ukingoni, kuna Jogi Mahal, nyumba ya mapumziko ya mawe mekundu, na karibu yake mti mmoja mkubwa ajabu wa jamii ya mkuyu, ulioshusha mizizi kutoka matawini hadi unaonekana kama msitu mdogo. Nenda asubuhi mapema.

Ni kweli watu humtumia mungu kadi za harusi kwa posta?

Kweli kabisa. Ndani ya ngome kuna hekalu la Trinetra Ganesh, yaani mungu wa Kihindu Ganesh akiwa na macho matatu. Ganesh ndiye anayeombwa kabla ya kuanza jambo lolote, kwa hiyo familia nyingi humwalika yeye kwanza kabla ya ndugu na jamaa. Wanaoweza huleta kadi wenyewe. Wengine huandika anwani ya hekalu na kubandika stempu. Mtu wa posta hupanda mlima na mafurushi ya bahasha, na makuhani huzisoma mbele ya sanamu. Msimu wa harusi, ni rundo kwa rundo.

Wakati wa sikukuu ya Ganesh Chaturthi, Agosti au Septemba, mahujaji laki kadhaa hufika ndani ya siku chache, wengi kwa miguu kutoka vijijini mbali. Jumatano pia, ambayo ni siku ya Ganesh, huwa na watu wengi.

Basi ni salama kupanda ngomeni kwa miguu, na chui milia wako pale?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "ndiyo, tembea na wenzako, usiende gizani". Mwaka 2025 ulilitikisa. Aprili mtoto wa miaka saba alinyakuliwa akiwa na familia yake wakitoka hekaluni. Mwezi uliofuata ofisa wa wanyamapori aliuawa karibu na Jogi Mahal, na Juni mlinzi wa hekalu aliuawa ndani ya ngome. Chui milia kadhaa walihamishwa.

Lawama nyingi zilielekezwa kwenye jambo moja: Arrowhead, jike mashuhuri wa maziwa na mjukuu wa Machli, alikuwa mgonjwa hoi, na walinzi walimpelekea wanyama hai ili yeye na watoto wasife njaa. Watoto wakakua wakimwona binadamu kama mleta chakula. Wema uliozaa balaa.

Ukienda, panda mchana, kaa na kundi, usiache njia kufuata picha, na tii walinzi wakiifunga njia hata kama umetoka mbali. Watoto washike mkono muda wote.

Na yule Ustad aliyepelekwa kifungoni?

Ustad, T-24, alihusishwa na vifo vya watu wanne, wa mwisho akiwa mlinzi wa msitu Mei 2015. Alidungwa sindano ya usingizi na kupelekwa kwenye boma la wanyama huko Udaipur, alikokufa Desemba 2022. Wapo walioandamana na kwenda mahakamani kumtetea. Wenye hoteli walilia zaidi kuliko familia za marehemu, na sababu yake si vigumu kuikisia.

Wako wangapi sasa?

Zaidi ya 60, pamoja na watoto. Lakini safari haikuwa ya kupanda tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba majangili walikuwa wameivamia hifadhi kuuza mifupa na ngozi, na mwaka 2005 waliohesabiwa walikuwa 26 tu. Hifadhi ya Sariska, katika jimbo hilohilo, iliwapoteza wote. Juni 2008 dume kutoka Ranthambore alipakiwa kwenye helikopta ya jeshi la anga na kupelekwa Sariska, na wengine wakafuata. Wa Sariska wa leo ni uzao wao.

Tatizo la sasa ni nafasi. Vijana hawana pa kwenda, mashamba yamezunguka pande zote, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wa Ranthambore wanazaana ndugu kwa ndugu kuliko wa sehemu nyingine za India. India nzima, makadirio ya 2022 ni 3,682, karibu robo tatu ya chui milia wote wa porini duniani.

Wanakijiji waliohamishwa walinufaika?

Baadhi walipata ardhi, shule na zahanati nje ya msitu. Wengine walipoteza malisho na hawakusamehe. Fateh Singh Rathore, ofisa aliyewashawishi wahame na ambaye wapenzi wa wanyama humsifu kuliko wote, alivamiwa na wanakijiji mwaka 1981 akapigwa karibu kufa. Alipona, akarudi kazini. Utalii umeleta ajira, lakini faida kubwa hubaki kwa wenye hoteli, na mkulima anayekeshea ngano yake isiliwe na nguruwe mwitu na nilgai, swala mkubwa wa India, bado anakesha.

Wanyama wengine?

Chital, yaani kulungu wenye madoa meupe, nilgai, swala wadogo waitwao chinkara, dubu weusi wanaokula mchwa, chui wa madoa, fisi milia, mamba, tausi kila kona. Usimsahau ndege mmoja wa rangi ya kutu mwenye mkia mrefu, treepie: magari yakisimama hutua kwenye kofia za abiria. Usimlishe, hata akikuangalia vipi.

Duma waliotoka Afrika wako hapo?

Hapana, walipelekwa Kuno, katika jimbo jirani la Madhya Pradesh, ng'ambo ya mto Chambal. Wanane walitoka Namibia Septemba 2022 na 12 Afrika Kusini Februari 2023. Misitu hiyo miwili inakaribiana kiasi kwamba dume mmoja wa Ranthambore, T-38, alitembea mwenyewe hadi Kuno akaishi huko miaka kadhaa.

Niende mwezi gani?

Kanda 1 hadi 5 hufungwa Julai hadi Septemba kwa mvua. Oktoba na Novemba msitu ni mzuri lakini majani ni mengi. Aprili hadi Juni maji hukauka, wanyama hukusanyika kwenye madimbwi, na kuwaona ni rahisi zaidi. Joto nalo hupita nyuzi 40. Desemba na Januari ni baridi ambayo mtu wa Mombasa au Dar hajawahi kuionja ndani ya gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi. Beba koti, kofia ya sufu na glavu, kisha omba blanketi hotelini. Februari na Machi ndiyo miezi ningemshauri rafiki.

Nifikeje, na nyaraka gani?

Sawai Madhopur ni stesheni kubwa kwenye reli ya Delhi–Mumbai, na treni kutoka Delhi huchukua kama saa tano. Uwanja wa ndege wa karibu wenye safari nyingi ni Jaipur, saa tatu au nne kwa gari.

Wakenya na Watanzania wanaweza kuomba viza ya India mtandaoni. Anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, abebe cheti cha chanjo, na awe amechanjwa angalau siku 10 kabla. Bila hicho unaweza kuwekwa karantini. Tiketi za msituni zikatwe mapema kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan, kwa namba ya pasipoti, na pasipoti hiyohiyo uwe nayo langoni. Za msimu huisha wiki nyingi kabla, na bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku tatu. Hizo zinakupa safari nne za msituni na asubuhi moja ya ngome. Kuingia ngomeni hakuhitaji tiketi ya safari. Jipi za mjini hukupeleka hadi chini ya ngazi, na dereva hukusubiri akinywa chai. Elewaneni bei kabla ya kuondoka mjini.